Taa ya Kushoto ya Gari la Baba Mkwe

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, fundi wa kunyoosha bodi za magari hapa Mbinga mjini. Nina mke na watoto watatu. Ukipita karakana kwangu utanikuta nagonga bati kama siku zote, wateja wananitania, nami nawatania. Ukiniangalia utasema huyu bwana hana shida. Lakini ninaishi kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mlango uko wazi, ila sina pa kwenda...

Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu nimeshindwa kuyabeba peke yangu. Someni, halafu kila mmoja ajiulize moyoni mwake, angekuwa mimi angefanya nini?

Nilizaliwa Ukata. Baba yangu alivuka ziwa kwenda Malawi kutafuta maisha nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hakurudi. Nikabaki na mama yangu, Anjela. Tuliishi kwa maharage, mahindi na miche michache ya kahawa. Hatukuwa na kitu, lakini sikuwahi kulala na njaa.

Nilipokuwa na miaka saba, mama aligongwa na gari. Ilikuwa jioni, ukungu umeshuka mpaka barabarani, naye alikuwa anarudi kutoka gulioni. Gari lile halikusimama. Waliokuja nyuma yake walimkuta pembeni mwa barabara, amekwisha fariki. Ulikuwa msimu wa kahawa, na msimu huo malori ya wanunuzi yalikuwa yanapita mengi, madereva wageni watupu. Ikasemwa ni lori la wageni. Nani angelifuata? Tukazika, yakaishia hapo.

Nikachukuliwa na mama mdogo Skolastika, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi na bibi yangu aliyekwisha zeeka. Naye alikuwa msichana tu, hajaolewa, hana lake. Alinilea kwa shida kubwa.

Haukupita mwaka, akaja nyumbani kwetu mtu mmoja kutoka Mapera. Alikuwa mkulima mkubwa na mnunuzi wa kahawa, anaheshimika parokia nzima. Aliitwa Gaudensi. Alisema amesikia habari za mtoto yatima na angependa kumsomesha, kwa ajili ya Mungu tu. Mama mdogo alilia kwa furaha. Ungekuwa wewe, usingelia?

Mzee Gaudensi akanisomesha kweli. Nilikaa bweni la misheni, na likizo nyingine nilizipitisha nyumbani kwake Mapera, nikila meza moja na watoto wake. Nilipomaliza sekondari na kusema nataka ufundi wa bodi, alinipeleka kwa fundi mmoja Songea nikajifunze. Niliporudi, akanipa kiwanja chake hapa mjini nijenge karakana. Nikimwita baba, anaitika. Watu walikuwa wanasema, yule mtoto wa Ukata ana bahati ya pekee.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza. Kule Mapera, kwenye ghala la zamani la kahawa, kulikuwa na gari dogo la kizamani, lile la umbo la mviringo, lililofunikwa magunia. Nilipopata ufundi nilimwambia baba, niachie nilitengeneze, liwe zawadi yangu kwako. Uso wake ulibadilika. Aliniambia, "Liache. Gari lile limeshakufa." Sikuuliza tena.

Kisha nikampenda binti yake, Adelina. Tulikuwa tumekua tukifahamiana, lakini nilipotoka Songea nilimwona kwa macho mengine, naye vivyo hivyo. Nilipopeleka posa, baba alikaa kimya muda mrefu mpaka mshenga wangu akakohoa. Mwishowe akasema, sawa. Nikaona ni baba yeyote anayeona uchungu kumtoa binti yake.

Tukafunga ndoa. Mtoto wetu wa kwanza akawa wa kike, nikampa jina la marehemu mama yangu, Anjela. Tangu siku hiyo mke wangu akawa Mama Anjela, nami Baba Anjela. Jina la mama likawa linatajwa nyumbani kwangu kutwa nzima, na nilijisikia kama nimemrudisha duniani. Laiti ningejua mwenzangu alikuwa anajisikiaje kila alipoitwa...

Sasa nakuja kwenye kilichonileta hapa.

Wakwe zangu walikuwa wanakaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Siku hizo walikuwa wamehamia Mbamba Bay, baba akisema baridi ya milimani inamuumiza viungo, na kule ziwani kuna joto. Shemeji yangu Fidelis, anayefanya kazi Dar es Salaam, akaja na wazo. Alitaka siku ya jubilei wazee wapelekwe kanisani na gari lao la ujanani, limenyooshwa, limepakwa rangi, linang'aa. Iwe siri, baba asijue. Akavunja kufuli la ghala kule Mapera, akalipakia gari kwenye lori na kuniletea karakana.

"Shemeji," aliniambia huku anacheka, "hii kazi hakuna mwingine wa kuifanya ila wewe. Hii ni shukrani yako kwa baba."

Nilifurahi sana. Nilipiga simu nyumbani kumwambia mke wangu aje aone. Alikuja na mtoto mdogo mgongoni. Alipofika langoni akaliona gari limefunuliwa, akasimama pale pale. Hakusogea. Nilidhani amejikwaa.

Jioni ile akaniambia, "Baba Anjela, likatae."

"Nimkatalie kaka yako?"

"Mwambie una kazi nyingi. Mwambie bati limeoza, haliwezekani."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba hatapenda, baba hakutaka liguswe. Nikamwambia baba akiliona linang'aa atapenda tu. Akaenda jikoni. Siku zile akawa hali vizuri, usingizi hana. Nikadhani labda ana mimba nyingine. Wanaume sisi... tunaona kilicho mbele ya macho, tunaelewa kingine kabisa.

Nikaanza kazi. Waliowahi kupeleka gari kwa fundi wanajua, bodi ya zamani haipakwi rangi juu juu. Unafumua kila kitu. Unatoa taa, unatoa milango, unakwangua rangi mpaka ulione bati lenyewe, ukate palipoliwa na kutu, uchomelee kipande kipya, unyooshe, ndipo upige msasa na kupuliza rangi. Gari hili lilikuwa limeliwa kutu chini ya milango na sakafuni, lakini bati lake lilikuwa zito, la zamani, linapokea nyundo vizuri. Nilikuwa naifurahia kazi ile.

Mpaka nilipofika upande wa kushoto mbele. Pale kwenye madigadi, bati linalofunika gurudumu, karibu na taa, palikuwa pamejazwa pati nene, ule ujiuji unaoganda wa kuzibia mabonde ya bati, imelundikwa na mtu asiye fundi na kupakwa rangi kwa brashi. Nilianza kuibandua. Chini yake nikakuta bati limebonyea.

Fidelis alikuwa amenieleza kwamba zamani baba aliligonga kwenye mti, ndipo akaliegesha. Lakini mimi nimenyoosha magari mengi yaliyogonga miti. Mti unakunja bati, unalichana. Hapa palikuwa na bonde pana na laini, limeanzia madigadi likapanda mpaka kwenye boneti. Nikasema labda alimgonga ng'ombe, akaona aibu kumlipa mwenye ng'ombe. Nikacheka peke yangu. Ndiyo, nilicheka!

Taa ya kushoto ilikosa pete yake. Pete ni ule mviringo wa chuma cheupe unaozunguka kioo cha taa. Ya kulia ilikuwepo, ya kushoto haikuwepo, ila pale chini, kwenye skrubu, kilikuwa kimebaki kipande kidogo cha pete hiyo, kimevunjika. Nikajua pete ya namna ile siipati dukani. Nilitafuta kwa wauza vyuma chakavu wa Mbinga, nikawapigia mafundi wa Songea na Njombe. Haikupatikana. Fidelis naye ananipigia kila asubuhi, "Fundi, tumefikia wapi?"

Jumamosi moja nikaenda Ukata kumpelekea mama mdogo sukari na sabuni, kama kawaida yangu. Mama mdogo sasa ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Akanikaribisha jikoni, kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Tulikuwa tunaongea habari za mavuno. Nikaomba maji. Akainama kuchota kwenye mtungi uliokuwa pembeni, na mtungi ule ulikuwa umekalia kitu cha chuma, mviringo, kimefubaa kwa moshi.

Niliuinua mtungi mwenyewe. Moyo ulianza kunienda mbio kwa furaha, wasomaji. Kwa furaha! Niliona nimepata pete yangu.

"Mama mdogo, hiki umekitoa wapi?"

Alichukua kile chuma mkononi mwangu, akakifuta kwa kanga yake.

"Hiki kiliokotwa pale mama yako alipoangukia," alisema. "Bibi yako alikiweka. Alisema ipo siku kitamtafuta mwenyewe. Alipofariki nikaona nisikitupe, nikakiwekea mtungi."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningekuambia ili iweje, mwanangu? Wewe ulikuwa mdogo. Halafu ukawa unasoma."

Nilikaa chini. Nikamwomba niondoke nacho. Aliniangalia machoni, akauliza, "Unakijua?" Nikamwambia bado. Akanipa.

Sijui niliendeshaje pikipiki mpaka Mbinga. Njia nzima nilikuwa najiambia, magari ya namna ile yalikuwa mengi zamani, pete zote zinafanana. Nilifika karakana, nikawaaga vijana wote waende nyumbani, nikachukua pete nikaiweka kwenye taa ya kushoto. Ilikaa. Na pale chini, palipovunjika, kile kipande kilichobaki kwenye skrubu na ile pete vilikutana bila kuacha nafasi hata ya unywele.

Nilikuwa nimekaa juu ya galoni tupu, naangalia lile bonde kwenye bati. Nililiangalia kwa jicho la fundi, nikauona urefu wa mtu. Nikauona mwili wa mama yangu. Nani awezaye kueleza jambo kama hilo?

Sikumsikia mke wangu anaingia. Alikuwa ameniletea chakula kwenye hotipoti. Aliiona pete. Akaweka hotipoti chini taratibu.

"Umeipata wapi?"

"Ukata. Kwa mama mdogo."

Akakaa kwenye tairi, mikono mapajani. Nilikuwa nasubiri ashangae. Nilikuwa nasubiri aulize ni nini. Hakuuliza. Hapo ndipo nilipoelewa, hata kabla hajafungua mdomo.

"Nilikuwa kiti cha nyuma," alisema.

Ndugu zangu... mke wangu alikuwa mtoto wa miaka mitano siku ile. Baba yake alikuwa anatoka naye na mama yake kwenye ubatizo. Aliona mwanamke akitokea kwenye ukungu, akasikia kishindo. Walipofika nyumbani aliambiwa walimgonga ng'ombe, na asimwambie mtu. Alipoletwa mtoto yatima kutoka Ukata kula meza moja nao, akaanza kushuku, na alipokua akaunganisha mambo, akajua. Na nilipompenda, alimwendea mama yake akamwomba ruhusa aniambie kabla ya ndoa. Mama yake alimkataza. Akanyamaza.

"Niliogopa utaondoka," alisema.

"Ulinioa kwa huruma?" Lilinitoka hivyo hivyo, kinyume, kana kwamba yeye ndiye aliyenioa. Na sasa naona pengine ndivyo ilivyokuwa.

"Nilikuoa kwa kukupenda. Hayo mengine nilitaka nife nayo."

Nilimwambia aende nyumbani. Chakula kile sikukigusa.

Siku zilizofuata nilizunguka kama mnyama aliyenaswa. Kila nilipogeuka nilikuta mkono wa yule mzee. Elimu yangu ni yake. Ufundi wangu ni wake. Kiwanja ninachosimama ni chake. Mke ni binti yake, watoto wangu wana damu ya mama yangu na damu ya aliyemuua. Niende wapi? Ningeondoka, ningewaachaje wanangu? Ningebaki, ningekulaje ugali mezani nikimwangalia mwenzangu? Nikisema, namwangamiza mtu aliyenilea. Nikinyamaza, namzika mama yangu mara ya pili, tena kwa mkono wangu, maana nyundo ninayo mimi. Nikigonga siku mbili tu lile bonde linapotea. Kinabaki chuma kinachong'aa, na watu kanisani wanapiga vigelegele.

Mama mkwe akajua. Nadhani mke wangu alimweleza kwa simu. Alipanda gari kutoka Mbamba Bay peke yake, na miguu yake ile mibovu, akaja mpaka karakana. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, linyooshe tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yameshapita. Watu wamealikwa, mapadre wanakuja. Baba yako ni mgonjwa wa presha."

Nilijifuta mikono kwa tambara.

"Umekula kwetu, umesoma kwetu, umeoa kwetu," akaendelea. "Ukiliangusha jina la baba yako, wewe utaangukia wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningempinga. Alilisema kama mama anayemkanya mwanawe asicheze karibu na moto. Na lilikuwa kweli tupu. Nilishika nyundo siku ile. Nilipitisha mkono nyuma ya madigadi nikaweka chuma cha kupokelea, nikainua nyundo... nikashindwa. Nikafunika gari turubai, nikaendelea na magari ya watu.

Aliyenitoa pale nilipokwama ni mama mdogo. Alichoka kusubiri, akapanda basi la asubuhi akaja Mbinga. Hakupitia nyumbani, alikuja moja kwa moja karakana na kuniambia, "Nionyeshe." Nilifunua turubai. Alizunguka lile gari, akagusa taa, akaichomoa pete na kuifunga kwenye kanga, akaweka kiganja chake ndani ya lile bonde na kukiacha hapo. Sikumwambia ni gari la nani. Alikuwa amekwisha jua, kwa sababu habari ya gari la jubilei ilikuwa imesambaa kwa kila mtu ila mzee mwenyewe, hata Ukata ilifika.

"Nipeleke kwake," alisema.

Nikamwambia mke wangu. Nilidhani atalia, atanizuia. Alivaa viatu, akamwacha mtoto mdogo kwa jirani, akasema, "Twende wote."

Barabara ya kushuka ziwani siku hizi ni lami, kona kwa kona, na ukitokea kilimani ziwa linakufungukia lote. Siku nyingine tungesimama tuangalie. Siku ile tulipita moja kwa moja mpaka Mbamba Bay.

Tulimkuta mzee barazani, redio iko pembeni, anachambua dagaa kwenye ungo ili apitishe muda. Alifurahi kutuona. Sisi tukamwamkia. Mama mdogo hakumwamkia. Kwetu sisi, mtu mzima kuingia nyumbani kwa mzee bila shikamoo, hilo peke yake ni shtaka. Akaketi, akaitoa pete kwenye kanga, akaiweka juu ya ule ungo wa dagaa.

Mzee aliiangalia. Akazima redio.

"Nani amelitoa gari?" aliuliza.

"Fidelis," mke wangu alijibu. "Alitaka kukufurahisha."

Mama mdogo hakungoja. "Mimi nina swali moja tu, nimelala nalo tangu usichana wangu. Uliposhuka, dada yangu alikuwa bado anaongea?"

Mikono ya mzee ilikuwa bado kwenye ungo.

"Sikushuka," alisema.

Mama mdogo alifunika uso kwa kanga.

"Nilipunguza mwendo," mzee akaendelea, sasa ananiangalia mimi. "Huyu mtoto akaniuliza kutoka nyuma, baba, yule mama ameanguka? Nikaongeza mwendo."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Aligeuka akatazama ukuta.

Mimi nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno mengi makali. Yote yalipotea, likabaki moja, la kitoto kabisa.

"Baba, mimi ulinipenda, au ulikuwa unanilipa?"

Alichelewa kujibu, na nilimshukuru kwa kuchelewa kule, maana niliona anatafuta ukweli.

"Mwanzoni nilikuwa nalipa," alisema. "Baadaye sikujua tena."

Hayo ndiyo yote niliyoyapata. Mpaka leo hayo ndiyo ninayoyatafuna.

Mama mdogo alimpa sharti lake. Hakutaka mbuzi wala ng'ombe. Alitaka mzee aende Ukata, asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake, kisha aende polisi akaseme tena. Mama mkwe alilia na kugaragara. Fidelis alipopata habari alinipigia akaniita nyoka niliyefugwa kifuani. Lakini mzee akaenda. Nilimshika mkono mwenyewe kumshusha kwenye gari, kwa sababu magoti hayamsaidii. Fikirieni hilo. Niliushika mkono ule ule uliokuwa kwenye usukani. Alisema yote, mbele ya wajomba zangu na majirani, hakupunguza. Kisha akajipeleka polisi. Shauri liko mikononi mwa sheria, sitalizungumzia zaidi.

Jubilei haikufanyika.

Mtadhani baada ya hapo nilipumua. Sikupumua. Wajomba zangu wa Ukata wanauliza ni mwanaume gani anayelala nyumba moja na binti wa aliyemuua mama yake. Ndugu wa mke wangu wanasema nimemlipa mzee mabaya kwa mema. Nikienda kwa hawa nafsi yangu inanisuta, nikienda kwa wale hivyo hivyo. Gari bado liko karakana, chini ya turubai. Fidelis hataki kulichukua. Ukata hawataki kuliona. Mimi siwezi kulinyoosha, na siwezi kulikata likauzwe chuma chakavu. Linachukua nafasi ya magari mawili. Wateja wanauliza, nawaambia mwenyewe bado hajaamua.

Na mke wangu? Tumekaa muda mrefu kila mtu na chumba chake. Hatugombani. Tunaongea habari za watoto, mboga na ada. Wakati mwingine namsikia anacheka na watoto uani, najikuta natabasamu, halafu nakumbuka, tabasamu linaniganda. Nimpe talaka? Alikuwa na miaka mitano. Nimsamehe? Alikuwa na miaka ishirini na kitu siku tulipoapa altareni, na alijua. Nampenda. Ningekuwa simpendi ningeshaondoka siku nyingi.

Ndugu zangu, nawasihi. Kama umemkosea mtu, mwambie. Mwambie mapema, angali ana nguvu ya kukukasirikia nawe ungali na nguvu ya kuubeba ukali wake. Usimlipe kwa wema asioujua sababu yake. Utamsomesha, utamjengea, utampa hata mwanao, lakini siku atakayojua, kila chakula alichokula kwako kitageuka tumboni mwake. Hutakuwa umempa maisha, utakuwa umemfunga. Na ninyi mnaotaka kuoa au kuolewa, kama unajua jambo linalomhusu mwenzako, mwambie kabla ya pete. Akiondoka, aondoke. Ni afadhali aondoke mtu huru kuliko abaki mfungwa.

Binti yetu Anjela sasa ana miaka kumi na mitatu. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini babu haji tena, na kwa nini mama analala na wadogo zake. Nilimwambia babu anaumwa. Nikajisikia ninavyosema, nikaona ninaanza kupaka pati juu ya bonde, kama walivyofanya wao.

Nilimwendea mke wangu jikoni, nikamweleza nilichomjibu mtoto. Alikuwa anamenya viazi. Aliacha kumenya, akaniambia, "Mimi sitaki akue kama nilivyokua mimi."

Tumekubaliana tutamwambia pamoja, Jumapili, baada ya misa. Sijui atatuangaliaje. Mama yake ameniomba yeye ndiye aanze kusema, nami nimekubali.